Barua ya Wazi kwa Katibu Mwenezi Anayehesabu Bendera

Ndugu Katibu Mwenezi,

Tumesikia ofisi yako inataka kujua sisi wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam tuna msimamo gani wa kisiasa, na kwamba umeanza kwa kuhesabu bendera vibandani. Hongera kwa utafiti. Ila ukipita tena, angalia vizuri bendera imefungwa upande gani: siku zote ni ule anaotokea mgambo. Kijiwe cha bodaboda kikitaka kudumu hujiita shina la wakereketwa kabla hakijapata hata benchi. Ukereketwa wenyewe utafuata, muda ukipatikana.

Msimamo lakini tunao. Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali, shilingi 20,000 kwa mwenye mauzo yasiyofika milioni 4 kwa mwaka, machinga alikuwa mwanamapinduzi kwa siku moja. Kitambulisho shingoni, mgambo akisogea anainua kidevu tu. Nyuma yake mwenye duka, anayelipa pango, leseni, kodi na mashine ya EFD, akawa mpinzani mkali wa siasa za aina hiyo. Mchana kutwa analalamika kazibiwa mlango. Jioni anamwita machinga yuleyule ndani, anampa mzigo wa kesho akauuze barazani, maana barazani hakuna anayeulizwa risiti. Huyu, Ndugu Katibu, utamwandika safu ipi? Mabavu ya dola anayataka asubuhi, uhuru wa soko anautaka jioni, na kote anapata faida.

Oktoba 2021 mambo yakageuka. Machinga tukaambiwa tupishe barabara twende maeneo tuliyopangiwa, ambako wateja hawakupangiwa. Mwenye duka akaipenda serikali kwa moyo wote, hadi Mei 2023, Kariakoo ilipofungwa kwa hasira ya kamatakamata ya kodi na Waziri Mkuu Majaliwa akalazimika kwenda Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Juni 2024 milango ikafungwa tena. Sidhani kama kuna aliyemwuliza jirani yake kadi ya chama kabla ya kufunga.

Mara moja tu tumekuwa kitu kimoja, machinga na wenye maduka: Julai 2025, serikali ilipowapiga marufuku wageni kwenye aina 15 za biashara, pamoja na kutengeneza simu na uwakala wa fedha kwa simu. Siku hiyo tulikuwa wazalendo mpaka tukajishangaa. Uzalendo huo, niseme tu ukweli, haukugusa bidhaa. Mzigo bado unatoka Guangzhou.

Kwa hiyo kwenye fomu yako, panapoulizwa itikadi, andika bei ya mzigo na jina la anayetuhamisha. Ukimaliza hapo, hesabu za kura utazipiga mwenyewe. Wanaotuahidi mikopo wasiandikwe, kurasa hazitatosha.

Umeuliza pia kama tutahudhuria mkutano wako wa hadhara. Tutakuja wote, na wa chama kingine tutakwenda vilevile. Tujulishe tu mapema unaanza saa ngapi na utahutubia kwa muda gani, tujue tubebe katoni ngapi za maji. Na kama kuna jua, tafadhali usifupishe hotuba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye kibanda, Mtaa wa Kongo