YAH: MAKSI MOJA YA BIOKEMIA

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea jibu la maombi yangu ya kusoma shahada ya uzamili katika afya ya mimea. Nasema nimepokea jibu kwa heshima tu, maana aliyenijibu si mtu, ni mfumo. Nilipoandika 2.6 kwenye kisanduku cha GPA, kisanduku kikageuka chekundu, na chini yake yakajitokeza maneno ya Kiingereza ya kunijulisha kwamba sina sifa. Mfumo wenyewe una adabu: ulisubiri kwanza nilipe ada ya maombi, ile isiyorejeshwa. Ukurasa wa malipo haukuniuliza GPA. Bodi ya Mikopo nayo hunikata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi bila kuuliza, sawasawa na inavyomkata aliyehitimu na 4.8. Nimeanza kuamini kwamba usawa wa binadamu katika nchi hii umekamilika kwenye makato.

Siandiki kulalamika. Naandika kuipongeza ofisi yako, na kuomba ufafanuzi wa mambo mawili matatu ambayo mtu wa 2.6 hawezi kuyaelewa peke yake.

Hongera ya kwanza ni ya hesabu. Wasomaji wa barua hii ambao hawakupita chuoni wajue kwamba A ina pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3 na C pointi 2. Pointi hizo huzidishwa kwa krediti za kila somo, zikajumlishwa, kisha zikagawanywa kwa krediti zote. Shahada yangu ya miaka mitatu ilikuwa na krediti 360. Jumla ya pointi zangu ni 965. Gawanya, utapata 2.68. Muuza dagaa wa sokoni angesema "haya, 2.7," tukaachana kwa amani. Kanuni zenu za mitihani hazina mzaha wa namna hiyo. Hazikuzi namba, zinakata. Kila kilicho nyuma ya desimali ya kwanza hutupwa, na mimi nikatoka na 2.6. Daraja la pili la chini linaanzia 2.7, kwa hiyo nikaandikiwa pasi.

Nikakaa na transkripti kutafuta pale nilipodondokea. Ni Biokemia ya mwaka wa kwanza, somo la krediti 8, nililopata 49, yaani C. Kwa 50 ingekuwa B, pointi 8 zingeongezeka, jumla ingekuwa 973, na 973 kwa 360 ni 2.70. Basi, Ndugu Mkurugenzi, kati yangu na shahada ya uzamili imesimama maksi moja. Nimejaribu kuipigia picha hiyo maksi. Pengine ni mshale mmoja niliouelekeza kusiko kwenye mzunguko wa Krebs. Hans Krebs mwenyewe, alipougundua mzunguko huo mwaka 1937, alipeleka habari yake kwenye jarida la Nature, wakamrudishia. Mwaka 1953 akapewa Nobeli kwa kazi hiyohiyo. Simtaji kwa nia yoyote, jina lake limekuja tu wakati nazungumzia Biokemia.

Hongera ya pili ni ya wastani. Mwaka wa kwanza nilipata 2.0, wa pili 2.7, wa tatu 3.3. Mwaka wa kwanza tuliishi kwa kubebana, kitanda kimoja watu wawili, tukilala mzungu wa nne, nyayo za mwenzangu zikiwa jirani na pua yangu. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilikuja likiwa limechelewa na likaondoka bila kuchelewa. Mhadhiri alizungumza Kiingereza cha kasi, nami niliyesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili nilikuwa bado natafuta maana ya sentensi ya kwanza wakati yeye akifuta ubao. Desa la somo tulilitoa kopi moja tukazungushiana watu sita, na zamu yangu ilikuwa usiku. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nimeshajua maabara ilipo, nimeshajua kuuliza, na nilikuwa na kitanda changu. Wastani unamchukua yule kijana aliyepotea na huyu aliyekwishajipata, unawachanganya, unamtoa mtu wa tatu ambaye hajapata kuishi duniani. Huyo ndiye mnayemkataa. Mimi wala simfahamu.

Naomba ieleweke kwamba siidharau GPA. Wapo wenye 4.5 ambao ni vichwa kwelikweli, nimesoma nao, na nilikuwa nikiwafuata chumbani kwao wanielekeze. Namba inasema kitu. Ninachoomba kufahamishwa ni muda wake wa matumizi. Kiuatilifu chochote ninachowashauri wakulima kina tarehe ya kwisha, imepigwa chapa ubavuni mwa chupa, na ikipita nawakataza wasikitumie. Kwenye transkripti nimepekua mbele na nyuma sikuiona.

Sasa niruhusu nieleze ninachofanya tangu mliponitunuku. Mimi ni afisa ugani, au kama wanavyoniita huku Newala, Bwana Shamba. Kazi yangu ni korosho. Na kwa njia ya korosho, Ndugu Mkurugenzi, tumekuwa tukifanya kazi pamoja wewe na mimi, ingawa hujui.

Iko hivi. Ofisi yako humwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri barua ya kumtambulisha mtafiti, mwanafunzi wa uzamili. Barua inashuka kwa mkuu wa idara, inashuka tena, na inapofika mezani kwangu ina maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: "Bw. Shamba, msaidie." Nyuma ya barua anakuja mwanafunzi mwenyewe, na begi la mgongoni, na dodoso la kurasa tisa, na 4.1.

Mmoja alifika mwezi Machi. Mada yake ilikuwa ubwiri unga, ugonjwa unaoshambulia majani machanga na maua ya mkorosho, na dodoso lake lilimtaka mkulima akadirie ni maua mangapi yameshambuliwa wiki hii. Nilimtoa nje nikamwonyesha mkorosho. Nikamweleza kwa upole kwamba Machi ni mvua, kwamba mti huu huchanua kipupwe kikiingia, na kwamba ubwiri unga nao unapenda kipindi hichohicho, ubaridi wa usiku na umande wa asubuhi. Nikamshauri arudi Julai. Akasema msimamizi wake anataka sura ya nne mwezi Mei. Tukafanya kilichowezekana: tukabadilisha maswali yawe ya msimu uliopita, nikamtolea daftari langu la ziara za mashambani, akanakili humo mpaka giza likaingia.

Mwingine alikuja na swali ambalo nalikumbuka mpaka leo. Tulikuwa tumeketi uani kwa bibi mmoja mwenye mikorosho ya kurithi. Mwanafunzi akasoma kwa sauti: "Unatathmini vipi mtazamo wako kuhusu upokeaji wa teknolojia za udhibiti wa visumbufu?" Bibi akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, huyu mjukuu anataka nini?" Nikamwuliza: "Bibi, salfa unapulizia mara ngapi kwa msimu, na kwa nini mwaka jana ulipunguza?" Bibi akaeleza yote: bei ya salfa, hiyo dawa ya ubwiri unga, mashine ya kupulizia ya kuazima ambayo hufika kwake ya mwisho, malipo ya korosho yaliyochelewa kwenye chama cha msingi. Mwanafunzi akaandika haraka haraka. Maelezo hayo baadaye yaliitwa matokeo, na swali langu likaitwa mbinu ya usaili wa kina.

Tasnifu zikikamilika, wachache wenye utu hunitumia nakala. Mimi nasoma kwanza ukurasa wa shukrani. Anashukuriwa Mungu, anashukuriwa msimamizi, wazazi, mchumba, na mwishoni, kabla ya wale "wengine wengi nisioweza kuwataja", wanashukuriwa "maafisa ugani wote wa wilaya kwa ushirikiano wao". Katika kata walizofanyia utafiti nilikuwa peke yangu. Hao wote ni mimi.

Hapo ndipo wasiwasi wangu kwa niaba ya chuo unapoanzia. Kama 2.6 ni hatari kwa elimu ya juu, nasikitika kukujulisha kwamba imeshaingia ndani. Imo kwenye sura za tatu za watu, imo kwenye majedwali ya sura ya nne. Kuna grafu ya mtu wa 4.1 ambayo kila nukta yake ilihesabiwa na mimi, juu ya ngazi ya miti, kwa kidole kimoja nikifukuza majimoto. Napendekeza muunde kamati. Ikague maktaba, itoe kila takwimu iliyokusanywa, kutafsiriwa au kusahihishwa na mwenye pasi, halafu mtangaze kilichobaki. Nakadiria mtabaki na utangulizi, marejeo, na ile sentensi inayosema kwamba korosho ni zao muhimu la biashara.

Wakati kamati hiyo ikiendelea, wakulima nao walindwe. Haiwezekani elimu yangu isitoshe kukaa darasani kwenu lakini itoshe kumwambia mtu mwenye ekari kumi kata mkorosho huu, acha ule. Niko tayari kuvaa kibandiko kifuani.

Nililetewa pia suluhisho, sitaki kuficha. Nilipiga simu, ofisa mmoja mpole akanishauri nianze na stashahada ya uzamili. Mwaka mmoja, ada juu yangu, ili nithibitishe kwamba ninaweza kusoma. Nilimwuliza kama shahada mliyonipa haithibitishi hilo. Akaniomba nisubiri kidogo kwenye simu, na muziki ulikuwa mzuri. Maana chuo ni hichohicho, Ndugu Mkurugenzi. Mlinidahili ninyi, mkanifundisha ninyi, mkatunga mtihani na kuusahihisha, mkanivisha joho mbele ya wazazi wangu waliouza mbuzi ili waje. Leo mnaitazama karatasi yenu wenyewe kwa jicho la mashaka, kama mama lishe asiyethubutu kuonja wali alioupika huku akiendelea kuwapakulia wateja.

Aidha, kisanduku chenye nyota nyekundu kinachoitwa "Daraja la Shahada" hakikubali kuachwa wazi. Mwalimu Nyerere alihitimu Edinburgh mwaka 1952 kwa shahada ya kawaida, si ile inayopangiwa madaraja ya heshima. Mwaka 1970 alikuwa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwatunuku wengine. Heri alizaliwa mapema. Angekaa hapo kwenye kisanduku mpaka muda wa maombi uishe.

Na kama hofu yenu ni kwamba nikishapata uzamili nitaomba kazi ya kufundisha, laleni salama. Nimesoma matangazo ya nafasi za wahadhiri wasaidizi: yanataka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili, vyote viwili. Hata nikipata 5.0 kwenu, ile maksi moja ya Biokemia itakuwa imenitangulia kwenye usaili.

Nakuja kwenye ombi. Katika kitabu chenu cha mwongozo wa udahili, kurasa za ndani, kuna kifungu kinachosema mwenye pasi anaweza kufikiriwa akileta ushahidi kwamba ameshiriki shughuli za utafiti. Ni kifungu kizuri, na nadhani kiliandikwa na mtu aliyewahi kufika Newala. Tatizo ni makazi yake. Kifungu kinaishi ndani, mfumo umesimama mlangoni, na hawajawahi kukutana. Naomba mmoja wao amtembelee mwenzake. Aongezwe mtu mwenye macho, hata mara moja kwa wiki, anayefungua maombi ya wale waliogeuzwa wekundu na kuuliza wamekuwa wakifanya nini tangu wahitimu. Atawakuta wauguzi waliosimamia wodi, walimu wa Fizikia waliofundisha bila maabara, wahasibu waliowafundisha kazi mabosi wao. Atawakuta pia wavivu, nao awakatae kwa mkono wake mwenyewe, kwa barua yenye sahihi.

Ushahidi wangu sitaubeba kuja nao. Mnao tayari, umo kwenye rafu zenu, na baadhi yake mlishaupa alama A.

Juzi nimepigiwa simu na mwanafunzi wenu mwingine. Ana 4.3, na kusema kweli ni binti mwerevu, kwani aliuliza kwanza mikorosho inachanua lini. Anataka ushauri kuhusu ukubwa wa sampuli na vijiji vya kuchagua. Nimemkubalia kwa sharti moja: kwenye ukurasa wa shukrani aandike majina yangu yote matatu, na mbele yake GPA yangu, ili mtahini wa nje asije akasema hakuambiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Bwana Shamba,
Newala.
(2.68 kabla ya kukatwa)

Nakala: Mkutubi Mkuu, rafu za tasnifu za uzamili. Kwa utekelezaji.