Usimtazame Mbuzi

Pemba haina barabara inayonyooka kwa muda wa kutosha kumaliza dua ya safari. Wenzetu wa Unguja wana tambarare yao, mtu hupanda pikipiki akawaza mambo yake. Kwetu ukitoka Chake Chake kwenda Wete unapanda kilima, unashuka bonde la mpunga, unapinda, unapanda tena, na kila pindo lina mwenyewe anayekungoja: mbuzi, baskeli iliyofungiwa boriti kwa ubavu, watoto wanaotoka chuoni, au gari ya 606 iliyosimama katikati ya njia kwa sababu abiria, keshashuka, ndio kwanza amekumbuka kumuuliza dereva hali ya mama yake.

Msimu wa karafuu mambo huzidi. Jua likiwaka watu hutandika majamvi kando ya lami na kuanika karafuu zao siku kadhaa mpaka zikauke na kugeuka rangi. Hiyo “kando” inanyumbulika. Asubuhi jamvi liko kwenye majani, adhuhuri limeshakula nusu ya njia, na aliyeanika amekaa chini ya mwembe akikuhesabia magurudumu. Kila ukufi wa karafuu unakwenda kwenye mizani ya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa hiyo ukikanyaga jamvi umekanyaga sare za skuli, bati za jikoni na mahari ya mtu. Kulia kwako kuna gari, mbele kuna karafuu, kushoto kuna mtaro. Mwenye akili huchagua mtaro. Mtaro haukudai.

Nimeendesha hivyo kwa miaka, na nilijihesabu dereva, mpaka mpwa wangu aliporudi likizo kutoka Maskati. Kule alisomea pikipiki darasani, kwa mwalimu na koni za rangi, akapewa na cheti. Nikampakia nyuma kutoka bandarini Mkoani. Tulipofika Chake alishuka taratibu, akavua kofia ngumu, akanitazama kwa huruma.

“Mjomba,” akasema, “wewe hukwepi. Wewe unaomba Mungu tu.”

Basi jioni baada ya sala ya alasiri tukaenda kiwanja cha mpira cha Vitongoji. Koni hatuna, tukapanga makumbi ya nazi kwa mstari, na mwisho wa mstari akaweka ndoo mbovu. Ndoo ile, kwa mujibu wa mtaala wa Maskati, ilikuwa ni mbuzi.

Somo la kwanza lilinikasirisha. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mbele mkono wa kulia wa usukani. Nikamwambia, mwanangu, ukiusukuma mbele mkono wa kulia, gurudumu linaelekea kushoto, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Akasema jaribu. Nikajaribu, na pikipiki ikalala kulia, ikaenda kulia, kama ng'ombe aliyemwelewa mchungaji wake kabla yangu. Kumbe hivyo ndivyo tulivyofanya siku zote tangu baskeli za utotoni, mikono ikijua na kichwa hakina habari. Wilbur Wright, fundi baskeli wa Ohio aliyekuja kurusha ndege na ndugu yake mwaka 1903, alikuwa na mchezo wa kuwauliza wapanda baskeli wanapindaje kushoto. Hakumpata hata mmoja aliyemweleza sawasawa. Nikafarijika kwamba ujinga wangu una wenzake Marekani.

Somo la pili: usikwepe huku umebana breki. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu. Ukiutumia wote kwenye breki, wa kupindia haubaki, na pikipiki inaserereka wima kumfuata mbuzi yuleyule. Funga breki, iachie, ndipo ukwepe. Au kwepa kwanza, ufunge baadaye ukiwa umenyooka. Mpwa wangu akanitajia utafiti wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotoka mwaka 1981 baada ya kuchunguzwa ajali 900 za pikipiki kule Los Angeles. Madereva wengi walibana mno breki ya nyuma, ya mbele wakaionea haya, na ujuzi wa kukwepa ulikuwa karibu haupo. Hurt alikuta pia kwamba kwa kawaida dereva anapata muda usiofika sekunde 2 wa kufanya chochote.

Hizo sekunde 2 ndizo zilizonipa mawazo. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unakula mita 11 kila sekunde. Njiani kwetu kila aliyekaa husalimiwa, na Mpemba gani anayemaliza salamu kwa sekunde 2? Hapo umesema “Asalaamu” na “alaykum” iko kwenye mtaro.

Na somo la tatu, ambalo mpwa wangu alilishikilia kuliko yote, ni macho. Pikipiki inakwenda unakotazama. Ukilikodolea macho shimo, utaingia shimoni. Ukimtazama mbuzi, utamfikia mbuzi. Tazama upenyo, basi. Kwenye barza ya pembeni alikuwepo mzee mmoja aliyecheza ng'ombe ujanani, akadakia kwamba hilo halikuhitaji nauli ya Maskati. Katika mchezo wa ng'ombe, huu ambao wengi husema tuliachiwa na Wareno, ng'ombe hauawi. Anachokozwa kwa kitambaa, na hodari ni yule anayetoka mbele ya pembe kwa wakati. “Anayetazama pembe,” mzee akasema, “tunamzuru hospitali.”

Nikapanda, nikashika mwendo, macho kwenye upenyo wa kulia wa ndoo. Nilikuwa nakwenda vizuri sana. Wakati huo huo bi mkubwa mmoja alikuwa akija kutoka upande wa pili na pakacha, akiokota makumbi yetu moja moja kwa ajili ya kuni, hana habari na Maskati wala California. Akanyanyua uso, akanijua.

“Mwanangu, hujambo? Mama hajambo?”

Sasa niambie ungefanya nini. Nililelewa. Nikamtazama usoni, nikamwitikia, “Sijambo, shikamoo bibi,” na pikipiki, kwa utiifu wake wote, ikaacha ndoo ikaelekea kwa bibi. “Marahaba,” akajibu, hakusogea hata unyayo. Nikayang'oa macho yangu kwake kwa nguvu, na cha kwanza yalichokiona kilikuwa shamba la muhogo. Tukaingia. Muhogo, nawaambia, ni mti mpole: unavunjika mapema na hausemi. Mwenye shamba ndiye aliyesema, na alisema mpaka maghribi. Bibi alimaliza kuokota makumbi, akaondoka na ndoo pia.

Adabu zetu na pikipiki haviivi chungu kimoja. Salamu inataka jicho, na jicho linachukua usukani. Wazungu waliotunga masomo haya walidhani hatari barabarani ni gari, mafuta yaliyomwagika na paka. Hawakumweka mjomba wa mke wako aliyekaa barzani na kikombe cha kahawa, ambaye usipomgeukia leo, kesho kuna kikao.

Na kikao kilikuja. Baada ya mazoezi kuniingia, nilikuwa natoka Vitongoji kwenda Chake, mbuzi akakurupuka kutoka kwenye migomba. Breki, achia, sukuma kushoto, macho kwenye upenyo. Nikapita baina yake na jamvi la karafuu, hata konyo halikutikisika. Ningekuwa Maskati ningepigiwa makofi. Lakini pembezoni mwa ule upenyo walikuwa wamekaa wazee watatu, na kabla sijazima pikipiki nyumbani taarifa ilishafika: mtoto wa fulani siku hizi ana kiburi, anapita watu wazima kama magogo. Mama yangu aliniita. Nikamweleza habari za tairi na mshiko wake. Akauliza, “Na kinywa nacho kina breki?”

Nilijaribu kusalimu kwa sauti bila kugeuka, lakini sauti inabaki ndani ya kofia ngumu, na anayekuona anaona mtu anazungumza peke yake. Nikajaribu honi. Ya kwangu inalia kama mbuzi aliyebanwa mlango, na mbuzi wa njiani wanaiitikia kwa kuja.

Kwa hiyo nawaomba wazee wangu wa barzani. Mkisikia honi fupi moja, hiyo ni asalaamu alaykum; mbili, shikamoo; ndefu, mtoeni mbuzi. Jibuni tu, thawabu mtapata, wala msingoje nigeuze shingo. Na wenye karafuu mnisaidie kitu kimoja: niachieni upenyo wa upana wa pikipiki, na kama inawezekana uwe upande usio na mtaro.