Mugendi na Faili la Kaka

Kaka yangu alioa kwa ng'ombe kabla ya kuoa kwa karatasi. Kwetu Butiama hilo si kosa. Ng'ombe wakishatoka zizini na wazee wakishakubaliana, mke ni mke, na mtoto aliyeingia akiwa ameshika kanga ya mama yake ni mjukuu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaitambua ndoa ya kimila. Ila afisa Uhamiaji hakuwapo siku ng'ombe wanahesabiwa. Yeye anataka cheti.

Wifi yangu ni Mkenya wa Migori, na alikuja na mvulana wa mume wa kwanza. Mpaka uliotutenganisha naye ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani waliokuwa mbali kabisa na Ziwa Victoria, ukawapasua Wajaluo na Wakurya katikati. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika ukafungwa, hadi 1983. Siku hizi Mkenya akifika mpakani Sirari anagongewa muhuri bila kulipia viza, na ukoo mzima ukadhani habari imeishia hapo. Muhuri wa kutembea si kibali cha kuishi. Mke na mtoto walihitaji hati ya mfuasi, ile wanayopewa wanaoishi chini ya mtu anayewalisha.

Wifi alipoelezwa hivyo alicheka mpaka akakaa chini, maana mtaji wa boti ya kaka pale Mwigobero, Musoma, ulitokana na mitumba aliyouza yeye. Tena hati hiyo haimruhusu mtu kufanya kazi. Mwanamke aliyezoea kufungua belo alfajiri akabaki ndani, nyumbani kwao Nyasho, mjini humohumo, na nguvu zake zote zikamshukia kaka: kuku, rangi ya ukuta, madeni ya wavuvi, hata masharubu.

Faili nilikabidhiwa mimi, dada mkubwa, kwa sababu nafundisha Bunda na nina kompyuta. "Dada, wewe fomu unazijua." Nilizijua fomu. Sikujua kwamba kila atakayempenda yule mtoto atalitia faili ugonjwa mpya.

Wa kwanza alikuwa Baba. Alimpandisha mtoto pajani, akamuuliza katoka wapi, akatangaza kwamba aliyetembea kutoka Migori mpaka kwenye kigoda chake anaitwa Mugendi, mtembezi. Nikasema, Baba, cheti chake cha kuzaliwa kina jina jingine, la Kijaluo. Akaniangalia kama mwanafunzi mzito. Hata Mwalimu Nyerere, akasema, alipozaliwa mwaka 1922 aliitwa Mugendi, wakambadilisha kuwa Kambarage, na ubatizo wa 1943 ukamwongezea Julius. Kwani alikosa urais?

Basi mtoto akawa Mugendi. Kaka akamwandikisha shule kwa jina hilo, akatia na la ukoo wetu nyuma yake. Jirani wa kaka, mama mwenye huruma ya kupitiliza, akaenda kwa mtendaji kutusaidia kupata barua ya utambulisho, akaapa kwamba mtoto kazaliwa hapahapa Nyasho na yeye ndiye aliyempokea. Barua ikatoka hivyo, na muhuri juu. Mtoto mzaliwa wa Nyasho na mwenye cheti cha Kenya, katika faili moja! Nilipanda gari kwenda Musoma kuomba barua nyingine, na jirani hakunisemesha hadi Pasaka.

Ikabaki ridhaa ya baba mzazi, dereva wa matatu huko kwao. Mimi nilitaka atume kwa simu. Baba akakataa katakata: mtu haombwi mtoto wake kwa simu. Akaitwa Butiama. Nilitegemea ugomvi, nikaficha panga la mgombani. Kumbe mgeni alishuka na mkate, sukari na salamu ndefu. Akachinjiwa mbuzi, kaka akaleta sato, wakaongea ng'ombe tangu saa nne hadi jua linapungua. Aliuliza kwa adabu kama yuko ng'ombe wa kumshukuru kwa miaka aliyolea. Baba akajibu, "Tutaongea," jibu lake kwa madeni yote. Kisha mgeni akaandika barua kwa mwandiko wa kupendeza.

Tulishuka pamoja Makutano, yeye angoje gari la Sirari, mimi la Bunda. Nilikuwa nimeshakaa kitini ndipo nikafungua faili: *Mimi, baba mzazi wa Mugendi, naridhia...* Tangu asubuhi alikuwa akisikia jina hilo, akaona ni heshima kulifuata.

"Konda, shusha!"

Nilimkuta mguu mmoja uko ndani ya basi. Barua mpya ingeandikwa hata mgongoni kwa mpiga debe, lakini safari hii niliogopa, nikataka kiapo mbele ya wakili, na wakili ni kesho, Musoma. Kwa hiyo mume wa zamani akalala Nyasho kwa mume wa sasa. Wifi alimtandikia godoro sebuleni, akamfungia na neti, hakumpa neno. Kaka alikohoa usiku kucha, kikohozi cha mwenye nyumba. Asubuhi wakili akauliza baba wa mtoto ni yupi, wakaitika wote wawili.

Hati zilitoka, kwa jina la cheti. Shule bado inamwita Mugendi, na hilo nimemwachia kaka.

Sasa Baba anataka uraia kabisa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania mlango wa kuomba. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa binti yetu hana mlango huo, nami mwenye mabinti naliona hilo kila nikisoma. Lakini Tanzania haimpi mtu mzima uraia huku ameshika wa kwingine. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, sheria yetu inataka uchague. Wifi alisikiliza akipepeta mchele, akasema atafikiria Mzee akimaliza kwanza ng'ombe wanaodaiwa Migori.

Baba akauliza kama katika hesabu hiyo wamemtia na yule wa dereva.