Bifu la Redio Lipewe Heshima Yake

Nachingwea na Ruangwa tumeletewa mengi, na mengi yameondoka. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, ikajengwa reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Karanga zikagoma, mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na baadaye reli yenyewe ikang'olewa. Bei ya korosho nayo hupanda kwa maneno na kushuka kwenye mizani. Katika misukosuko yote hiyo, bifu la mwanasiasa na redio ndilo pekee ambalo halijawahi kutuangusha. Likizuka Dar es Salaam kwenye kipindi cha asubuhi, kabla chai haijapoa limeshashuka stendi ya Nachingwea bila nauli, na vijana wa bodaboda wameshagawana pande.

Wapo wanaolidharau, wakisema ni kelele za watu wasio na kazi. Hao hawajui ukoo wake. Babu zake ni Marini na Arinoti, makundi ya ngoma ya beni yaliyotambiana kwa gwaride, mavazi na nyimbo za kushushuana. Shangazi yake ni taarabu ya mipasho. Nasi huku, ambao hatuzikani bila watani, tunajua kwamba kejeli iliyopambwa vizuri si ugomvi, ni kipaji. Bifu la redio limerithi vyote hivyo, likaongeza antena.

Sifa yake ya kwanza ni ualimu. Somo la uraia shuleni hufundisha kwamba kuna Bunge, Serikali na Mahakama. Bifu hufundisha yaliyobaki. Chukua darasa la Machi 2017. Usiku wa tarehe 17, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliingia kwenye ofisi za Clouds, kituo cha redio na televisheni, akiwa na askari wenye silaha. Kilichotakiwa ni kurushwa kwa mkanda wenye tuhuma dhidi ya Askofu Josephat Gwajima kwenye Shilawadu, kipindi cha udaku, ambacho wahusika wake walikuwa wamegoma kuurusha. Pima heshima hiyo! Kipindi cha kilimo hakijawahi kufuatwa usiku na mtu yeyote, hata mgambo.

Waziri wa Habari, Nape Nnauye, mbunge wa Mtama na jirani yetu, akaunda kamati ya kuchunguza uvamizi huo. Kusini tukavimba vichwa: Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alikuwa mbunge wa Ruangwa, Waziri wa Habari wa Mtama, kwa hiyo kesi ilikuwa imekuja kuamuliwa nyumbani. Kamati ikasema uvamizi ulikuwepo kweli. Ripoti ilikabidhiwa tarehe 22. Tarehe 23 waziri hakuwa waziri tena. Alipotaka kuzungumza na waandishi hotelini alizuiwa, na mtu mmoja akamtolea bastola mchana kweupe. Kesho yake, Rais John Magufuli akimwapisha mrithi wake, Harrison Mwakyembe, aliwaonya wamiliki wa vyombo vya habari kwamba uhuru wao haufiki wanakodhani. Wiki moja tu, na mkulima wa Nachingwea akawa amehitimu: anajua nani huingia kwa silaha na nani hutolewa kwa barua. Wala hakulipa ada.

Sifa ya pili ni kutokuwa na kinyongo. Huyo huyo Nape, Agosti 2016, alizifungia Magic FM na Radio Five kwa madai ya uchochezi. Miezi saba baadaye bifu lilimpokea kwa mikono miwili na kumvika kilemba cha mtetezi wa habari. Halikumuuliza alikotoka. Dini ngapi zina msamaha wa haraka kiasi hicho?

Sifa ya tatu ni kuinua watu. Nape alirudishwa kwenye uwaziri wa habari Januari 2022. Makonda, Oktoba 2023, akawa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, kiti alichowahi kukalia Nape. Machi 2024 akapelekwa Arusha kuwa Mkuu wa Mkoa. Novemba 2025 akateuliwa Naibu Waziri wa Habari. Waliogombana mlangoni mwa redio, wote wawili wamewahi kukabidhiwa funguo za wizara inayoisimamia. Chuo gani cha uongozi kina matokeo kama hayo?

Sifa ya nne, nayo ndiyo kubwa, ni kutuepusha na mambo yanayochosha. Juni 2018 wabunge wa kusini walibishana na Serikali bungeni kuhusu asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, fedha iliyopaswa kurudi kwenye zao lenyewe. Novemba mwaka huo wakulima walikuwa wamegoma kuwauzia wanunuzi kwa sababu ya bei duni, Rais akatangaza kwamba Serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakapewa kazi ya kuzisomba. Hayo ni mambo ya vifungu, asilimia na magunia, hayana kiitikio. Vivyo hivyo minada ya korosho ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ukiuliza hewani makato ya kila kilo yanaishia wapi, kijiwe kizima kinaomba uweke muziki.

Kwa hisani zote hizo, nina ombi moja kwa bifu: lihamie huku. Mwanasiasa hukasirikia lile analoogopa kuulizwa, na mpaka sasa tumeyajua yanayowakasirisha wakubwa wa Dar es Salaam tu. Atokee mtangazaji wa redio ya wilayani ashikilie makato ya korosho asubuhi baada ya asubuhi, aulize na aulize tena, mpaka mkubwa mmoja apandwe na hasira na kuufuata mlango wa studio usiku wa manane. Tutampisha aingie, tutampa kiti na maji ya kunywa. Silaha aache kwenye gari, aje na hesabu za mnada.