Mzigo wa Siku Zote

Prado yangu ilikuwa imeanza kukaa kama mbwa anayesubiri mfupa: pua juu, makalio chini. Usiku, madereva waliokuja mbele yangu walinipigia taa na kunitukana wakidhani nimewasha taa kali. Masikini, nilikuwa nimewasha zile za chini kabisa, ila gari zima lilikuwa linatazama nyota.

Nikaenda kwa fundi wangu, Tabata, chini ya mwarobaini. Akapima nafasi kati ya tairi na bodi kwa vidole. Viwili viliingia kwa shida.

"Mzee, unabebaga nini humu?"

"Mimi na mama watoto tu."

Akafungua mlango wa nyuma. Chungwa lililokauka likadondoka, likabingirika hadi miguuni pake.

Basi nikakiri. Kwetu ni Muheza, na kurudi Dar na gari tupu ni kuutukana ukoo. Shangazi ana magunia mawili ya machungwa, binamu ana mkungu wa ndizi, mjomba ana mlango wa mbao, "mmoja tu," halafu kuna mtoto wa watu anashukia Chalinze. Nimelalamika miaka saba. Jibu lao ni moja: "Gari kubwa lote hilo!"

Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, nazo zikatufikisha Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Kijana wa dukani akaanza na za mtumba: "Hizi zimetembea kwenye lami ya Japani tu, bosi." Sawa, lakini godoro lililolaliwa ni godoro lililolaliwa. Akahamia kwenye spesa, raba ya kunyanyulia. Fundi akakataa: springi iliyochoka, ukiiwekea spesa, imebaki na uchovu wake, umeivisha viatu virefu tu.

Nikaomba za mzigo. Zilikuwepo za kilo 300, mzigo wa kudumu. "Wa kudumu, mzee? Siku zote?" Fundi akaniuliza mara mbili. "Siku zote!" nikajibu, kama ninayekula kiapo.

Kijana aliziweka kando ya za kawaida. Waya wa zile milimita 14, wa hizi 16. Nikacheka: milimita mbili! Sikujua kwamba mizunguko na upana vikiwa vilevile, milimita hizo mbili zinapandisha ugumu kwa karibu asilimia 70. Macho yangu hayakuliona hilo. Kiuno ndicho kilichokuja kuliona.

Kazi ilichukua saa tatu. Gari likapigwa jeki, stendi zikawekwa chini ya chesisi, magurudumu yakatoka. Bolti moja ya shokapu, kwa kutu, ilikula nusu saa, mafuta ya taa na dua zote ninazozijua. Kisha ekseli ikashushwa taratibu, Fundi akiuchunga mpira wa breki usivutike, springi kuukuu ikatoka bila kuombwa. Mpya ikazungushwa mpaka ncha yake ikakaa kwenye kikalio chake. Mchango wangu ulikuwa kushika tochi, na hata huo nilikosolewa: "Mzee, mulika huku, siyo usoni kwangu."

Nyuma ikasimama! Nikaondoka kifua mbele, gari tupu, nikampitia mama watoto sokoni akiwa na trei ya mayai. Tuta la kwanza likaturusha hadi darini. La pili hatukulihesabu. Nyumbani, mayai 30 yalikuwa yamekuwa kitu kimoja.

"Baba Neema," alisema kwa upole unaotisha, "rudisha zile zilizolala."

Nikampigia Fundi kwa hasira. "Springi ni nzima, mzee. Zinasubiri mzigo wake. Si ulisema siku zote?"

Nikapakia mifuko mitatu ya saruji. Ajabu, gari likatulia kama maji mtungini. Wiki ya pili sasa naenda nayo kazini, naenda nayo msibani, naenda nayo harusini. Mlinzi wa ofisini kila asubuhi ananiuliza, "Bosi, unajenga wapi?" Sijengi. Nalinda kiuno.

Jana nikanywea, nikapiga simu Muheza.

"Shikamoo shangazi. Yale magunia ya machungwa..."

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike, tumekusikia. Miaka saba unatwambia gari limechoka! Tumeshapakia kwenye Fuso la jirani, na mlango wa mjomba wako umo. Wewe pumzika."