Keekee ya Trekta na Shimo la Parachichi

Mashine ya kuchimbia mashimo inayofungwa nyuma ya trekta, ambayo hapa itaitwa keekee, jina ambalo maseremala wamelizoea kwa kifaa chao cha kutobolea mbao, ilibuniwa kwa ajili ya nguzo za uzio, na jambo hilo moja linatosha kueleza sehemu kubwa ya masaibu yanayowapata watu wanaoikodi ili kupandia miti. Nguzo haina mizizi, haihitaji hewa, haidhuriki upesi na maji yaliyotuama, na ikifukiwa kwa kina kuliko ilivyokusudiwa huhesabiwa kuwa imara zaidi. Mche wa mparachichi unatofautiana nayo katika mambo hayo yote. Hata hivyo, huko Njombe na Iringa, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako parachichi aina ya Hass limewafanya wastaafu, wenye maduka na hata watu wasiowahi kushika mpini wa jembe wajione wakulima, mwenye shamba akishasimamia vibarua wa sururu kwa siku chache huwa tayari kuamini ahadi yoyote inayotolewa na mtu mwenye trekta.

Muundo wa keekee si mgumu kueleweka, na pengine ndiyo sababu kila anayeiona kwa mara ya kwanza hujiona anaweza kuiendesha. Trekta huwa na shafti fupi inayochomoza nyuma, maarufu kwa jina la PTO, ambayo kazi yake ni kuzipatia zana nyingine nguvu ya injini; shafti ya kawaida ina unene wa milimita 35 na meno 6, na injini ikifikishwa kwenye kasi iliyopangwa huzunguka mara 540 kwa dakika. Nguvu hiyo hupita katika shafti nyingine ndefu yenye viungo hadi kwenye giaboksi, yaani sanduku la gia, linaloning'inia mwishoni mwa mkono wa chuma, ambalo hupunguza kasi hiyo hadi kiasi cha theluthi yake na kuuelekeza mzunguko ardhini, kwenye parafujo ndefu yenye ncha na visu upande wa chini. Kinachosahaulika ni kwamba mikono ya haidroliki, ile inayotumia msukumo wa mafuta kubeba zana, katika trekta nyingi hujua kunyanyua tu. Haijui kukandamiza, kwa hiyo keekee huingia ardhini kwa uzito wake yenyewe na kwa hiari ya udongo.

Hiari hiyo hutegemea mvua. Katika mwezi wa Oktoba, kabla mvua za msimu hazijaanza, udongo mwekundu wa mfinyanzi huwa mgumu kiasi kwamba keekee huzunguka juu yake kwa dakika kadhaa ikitoa vumbi na kelele nyingi, kisha ikinyanyuliwa huacha duara dogo lililong'arishwa vizuri ambalo haliwezi kuitwa shimo hata na dereva mwenyewe. Nchi hii ina historia ndefu ya watu waliodhani kwamba udongo utaiheshimu mashine: mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, ambao huko Kongwa ulitumia hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, uliachwa mwaka 1951, na miongoni mwa mambo yaliyoushinda ni udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi kiliugeuza kuwa kitu kilichokuwa kikitafuna zana badala ya kulimwa nazo. Mvua zikishakolea, kwa upande mwingine, udongo huo huo hung'ang'ania kwenye parafujo na kupanda nayo ukiwa donge moja, na utingo, yaani msaidizi wa dereva, hutumia muda mwingi akiubandua kwa panga kuliko ambao angetumia kuchimba. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache zinazofaa, na siku hizo trekta huwa iko kwa mtu mwingine.

Kwa kuwa keekee haikandamizwi, pakiwa pagumu hutokea mtu akapendekeza utingo akae juu ya mkono wa chuma ili aongeze uzito. Hapo ucheshi wa jambo hili unakoma, kwa sababu shafti inayozunguka mara tisa kwa sekunde ikidaka ncha ya koti la mvua au kamba ya kiatu, haimpi mwenye koti nafasi ya kujadiliana. Kifuniko cha plastiki kinachoizunguka shafti hiyo kiliwekwa kwa sababu hiyo, na ndicho kitu cha kwanza kupotea katika trekta nyingi za kukodi. Ni afadhali kumwaga maji mahali pagumu jioni na kurudi asubuhi, ijapokuwa ushauri huo haujawahi kumfurahisha mtu anayelipia trekta kwa siku.

Tukirudi kwenye mambo yasiyoua, ugumu mkubwa wa keekee haumo katika kuchimba bali katika kulenga. Shamba la parachichi hupimwa kwa kamba na vigingi, na nafasi ya mita 6 kwa 6 hutoa mashimo yapatayo 112 kwa ekari, kila moja likiwa limewekewa kigingi ambacho wapimaji wamekihangaikia hadi mistari ikanyooka pande zote, ikiwemo ile ya mshazari. Dereva hukaa ameelekea mbele ilhali kazi iko nyuma, kwa hiyo hulazimika kupinda shingo na kurudi kinyumenyume akifuata ishara za utingo. Mwenye shamba naye, kwa kuwa shamba ni lake, hutoa ishara zake kutoka upande wa pili, na mpita njia aliyesimama kutazama huongeza za kwake bila kuombwa. Dereva mwenye busara huchagua mkono mmoja wa kuuamini na kuipuuza mingine yote, lakini busara hiyo haiwezi kuokoa kigingi, kwa kuwa ili keekee iingie mahali pa kigingi ni lazima kigingi kitoke, na kikishatoka hakuna tena anayejua mahali penyewe palikuwa wapi. Zaidi ya hayo, mikono ya trekta haishuki wima bali hufuata upinde, hivyo keekee ikishuka bila trekta kusogezwa kidogo kidogo kuifuata, shimo hulala. Matokeo yake ni kwamba tundu linalochimbwa kwa nusu dakika hutanguliwa na dakika tano za kuelekezana, na mstari uliokuwa umenyooka jana huanza kufanana na njia ya mtu aliyekunywa.

Mtu aliyekunywa mwenyewe hufika baadaye, na atatajwa mahali pake. Kabla yake kuna tukio ambalo kila dereva wa keekee analijua na hakuna anayelitaja wakati wa kupatana bei, nalo ni keekee kujizika. Parafujo imeumbwa ili ijivute ndani ya kitu inachozungukia. Dereva akiishusha kwa pupa bila kuinyanyua kila baada ya sentimita kadhaa ili imwage udongo, huacha kuchimba na kuanza kujikaza kama msumari wa hesi, ikizama kimya kimya hadi giaboksi inapokaribia kugusa majani. Dereva huvuta wenzo wa kunyanyulia, na kinachonyanyuka ni magurudumu ya mbele ya trekta. Kuna kipindi kifupi cha ukimya. Kisha hufuata mapendekezo, ambayo kwa kawaida huanza na kuongeza moto, yaani kuzidisha kasi ya injini, jambo linaloiongezea keekee kina. Huendelea na kuisukuma mbele na nyuma, jambo linalopinda mkono wa chuma. Na huishia kwenye kuitisha sururu na koleo.

Wapo vibarua ambao siku mbili kabla waliambiwa kwamba hawahitajiki tena, na ambao hawakwenda mbali. Hao ndio huitwa kuchimba kuizunguka keekee ili itoke, na shimo wanalolichimba, kwa kuwa ni lazima liwe pana na la kina, huwa ndilo shimo pekee katika shamba zima lenye vipimo alivyovitaka bwana shamba. Njia iliyo sahihi ni nyepesi zaidi: injini huzimwa, PTO huachishwa, na parafujo huzungushwa kwa mkono kinyume cha mwendo wake kwa spana kubwa ya mabomba hadi ijifungue. Spana hiyo, hata hivyo, huwa nyumbani kwa mwenye trekta, ambaye naye huwa amesafiri.

Waliounda keekee walijua kwamba siku moja itakutana na jiwe au kisiki, ndiyo maana waliiunganisha na shafti kwa bolti laini iliyokusudiwa kukatika mapema ili giaboksi isivunjike. Bolti ikikatika, dereva huzima trekta na kumtuma utingo mjini kwa bodaboda, ambayo nauli yake hupita bei ya bolti kwa mbali. Muuza vipuri, kwa nia njema kabisa, humwonea huruma na kumpa bolti ngumu ya lori huku akimhakikishia kwamba hiyo haitakatika tena, na kwa hakika haikatiki: jiwe linalofuata huvunja meno ya gia. Kati ya vitu vyote vya trekta hiyo, bolti dhaifu ndiyo iliyokuwa na akili, na ni vigumu kumshawishi mtu aliyekwisha kulipa nauli ya bodaboda kwamba alipaswa kununua dazeni nzima ya kitu kinachovunjika.

Mashimo yaliyofanikiwa hubaki wazi kwa siku kadhaa yakingoja miche, samadi na mvua, na katika muda huo hupata wapangaji. Vyura huingia na kukosa njia ya kutoka, vifaranga hufuata wadudu, na gurudumu la mbele la trekta yenyewe, ikichimba mstari wa kukata, hutumbukia katika shimo ililolichimba asubuhi. Msimu wa kupanda, kwa bahati mbaya, ndio pia msimu wa ulanzi, pombe inayogemwa kwa kukata machipukizi ya mianzi wakati wa mvua, na njia fupi ya kutoka kilabuni hupita shambani. Shimo la kipenyo cha sentimita 30 humpokea mtu mzima mguu mmoja hadi pajani na kumwacha mwingine nje, mkao ambao haumruhusu kusimama wala kukaa, na aliyemo huwa na muda wa kutosha wa kumtaja mwenye shamba kwa majina yote anayostahili.

Hesabu ya mashimo yenyewe ndiyo inayoumiza zaidi, na haifanywi mpaka fedha zimekwisha kutoka. Shimo la mti wa matunda linaloshauriwa na maofisa ugani wengi lina sentimita 60 kila upande na kina kama hicho, yaani ujazo wa lita 216. Keekee ya sentimita 30 ikishuka kina hicho hicho hutoa lita 42 tu, karibu sehemu moja kwa tano, na hata ile kubwa ya sentimita 60, ambayo trekta ndogo huibeba kwa manung'uniko, haifiki lita 170 kwa sababu duara halina pembe. Tena visu vikizunguka katika mfinyanzi wenye unyevu hupaka kuta za shimo na kuzifanya laini na ngumu, maji yakabaki ndani yake kama yaliyotiwa chunguni, na mizizi, ikikosa pa kutokea, ikazunguka humo humo. Mizizi ya mparachichi haivumilii maji yaliyotuama. Huoza, na majani hunyauka huku chini kumelowa, hali inayomfanya mwenye shamba aongeze maji. Udongo wa juu wenye rutuba, ambao kibarua wa sururu angeuweka kando ili uchanganywe na samadi, keekee huuchanganya na ule wa chini na kuumwaga duara kuzunguka shimo, kisha sehemu yake hurudi ndani. Na kwa kuwa kuongeza kina hakuigharimu keekee chochote, dereva mkarimu huongeza. Mche uliobebeshwa hutitia pamoja na udongo uliojazwa, na pale pa kiungo cha ubebeshaji, panapotakiwa kubaki juu ya ardhi, hufukiwa.

Tiba ya kuta zilizopakwa ni kuzikwaruza kwa panga au mtaimbo na kuzipanua, na hapo vibarua huitwa kwa mara ya tatu. Wao hudai bei ile ile ya kuchimba shimo zima, wakieleza kwamba kutengeneza shimo lililoharibiwa ni kazi kubwa kuliko kuanza upya, na si rahisi kuwakatalia.

Mwishoni huja malipo ya trekta, ambayo hupatanwa kwa shimo. Dereva huhesabu kila mahali keekee ilipogusa ardhi, pamoja na pale ilipokutana na jiwe na pale ilipolala nusu siku. Mwenye shamba huhesabu vigingi. Utingo, aliyekuwa akitia kokoto mfukoni kila shimo lilipokamilika, hukumbuka kwamba koti lenye mfuko huo ndilo lililotandikwa chini ya gurudumu wakati wa kujikwamua. Wote huondoka kwenda kuhesabu kwa miguu, na katika kuhesabu huonekana mashimo kadhaa yaliyo nje kabisa ya mstari, karibu na mpaka, ambayo hakuna anayekiri kuyaelekeza. Mwenye shamba hutaka yafukiwe. Dereva hujibu, "Bosi, hii mashine haifukii," na baada ya majadiliano marefu hukubaliana kwamba, kwa kuwa shamba litahitaji uzio, mashimo hayo yaachiwe nguzo. Mwenye shamba hupumua, mpaka dereva anapomkumbusha kwamba shimo la nguzo lina bei yake, na ni ya juu kidogo kuliko ya mti.