Sifa za Komisheni

Goma imeshasifia kila kitu: ziwa lake, mlima wake unaotema moto, chukudu zake za mbao za kubebea mizigo, hata makomandoo waliotukimbia. Kimoja tu kimesahauliwa, nacho kinatuhudumia asubuhi hadi jioni: komisheni, ile dola tano inayobaki kwa mwenye kabine, kibanda cha pesa za simu, unapotoa mia. Watu wakiitaja husonya. Huo ni utovu wa shukrani, na leo nataka kuisafishia jina.

Nianze na ukoo. Wapo wanaodhani komisheni ni mtoto wa mtaani, kazaliwa chini ya mwavuli pale Birere. Hapana, imetoka nyumba kubwa. Mwaka 1975, mjini London, Christie's na Sotheby's, vigogo wa minada, waliamua kwamba anayeshinda mnada atalipa bei aliyoitaja mwenyewe na asilimia 10 juu yake. Wachuuzi wa sanaa walipiga kelele wakachoka. Mpaka leo ada hiyo inalipwa, tena imenenepa. Oktoba 2018, New York, Sotheby's iliuza chupa moja ya mvinyo, Romanée-Conti ya 1945. Nyundo iligonga kwenye dola 450,000. Mnunuzi akalipa 558,000. Zile 108,000 hazikuwa na tone la mvinyo ndani yake. Ni komisheni tupu. Nasi kwa tano yetu tunalia!

Tena imewahi kumpeleka bilionea gerezani. Alfred Taubman, aliyeishika Sotheby's kwa hisa zake, alihukumiwa mwaka 2002 kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, kwa sababu nyumba hizo mbili zilipatana kisirisiri juu ya komisheni ya kumkata muuzaji. Kwetu mambo hayo hayahitaji siri. Jana wenye kabine wa Majengo walikuwa wanakata tatu. Leo asubuhi, toka Majengo hadi Katindo, wote wanakata tano, na hakuna aliyempigia mwenzake simu. Waendesha mashtaka wa New York wangekaa hapa mwaka mzima wakinywa chai.

Siku hizi mvinyo unauzwa mnadani hata mtandaoni, kwa hiyo mtu wa Himbi mwenye simu nzuri anaweza kushindana bei na mtu wa Bordeaux. Tuseme ameshinda, chupa moja, yuro 60. Hapo ndipo komisheni inapovua koti. Kuna ada ya mnunuzi, kuna kodi juu ya ada, kuna bima, kuna sanduku la mbao, na kadi nayo inajikatia chake kwa kazi ya kugeuza dola kuwa yuro. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, basi chupa inateremka Kigali, inapanda gari, inafika mpakani, Grande Barrière, inalipiwa ushuru, halafu anatokea kijana ambaye hakuna aliyemwita lakini tayari ameibeba begani. Usiku mke anauliza: papa, hii ulinunua ngapi? Anajibu yuro 60, wala hajasema uongo. Kasiksi, pombe ya ndizi ya jirani, haina ada ya mnunuzi, ndiyo maana hakuna anayeiheshimu.

Lakini sifa yake kubwa ni uaminifu. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, mashine za kutolea pesa zikawa mapambo ya ukuta. Wakubwa walipanda mashua wakaelekea Bukavu. Nani alibaki nasi? Komisheni. Meza moja, kiti cha plastiki, mwavuli uliopauka, na kipande cha karatoni kilichoandikwa kwa biki: KASHI IKO.

Nenda ukaitazame ikiwa kazini.

"Mama, kashi iko?"

"Iko, papa. Ila kwa mia utaniachia tano."

Unapeleka pesa kwenye simu yake, anasubiri ujumbe ulie, anausoma mara mbili. Kisha anafungua mpira wa fungu na kukuhesabia dola, haraka kama anayegawa karata. Moja ina tundu dogo ukingoni. Ukithubutu kuuliza, atakuambia hiyo inapita bila shida. Kesho yake mrudishie noti ileile: ataiinua juani, atapitisha ukucha ukingoni polepole, atakurudishia kwa vidole viwili. Papa, hii imekufa. Noti ni nzima ikitoka kwake na maiti ikirudi, na elimu ya namna hiyo hutaipata chuo kikuu chochote.

Wala haibagui. Mjane, mwalimu, askari, mtu wa ONG aliyeacha jipi nyeupe ikinguruma barabarani, wote tano kwa mia. Na mjini hapa ndiyo kodi pekee ambayo mtozaji wake hana bunduki.

Wapo wabishi wanaoikimbia. Wanavuka mpaka wa Petite Barrière alfajiri kwenda kutoa pesa Gisenyi, wanapanga foleni ya kuvuka, wanapanda pikipiki upande wa pili, wanapanga foleni ya benki, wanapewa faranga za Rwanda, wanarudi nazo Birere kwa mbadilishaji, ambaye naye hayuko pale kwa ajili ya Mungu. Jioni wameokoa dola tano na kutumia saba, na jua limewachoma. Aprili 2025 CADECO, benki ya akiba ya zamani, ilifunguliwa tena mjini kwa hotuba. Komisheni ilisikiliza hotuba hadi mwisho, ikakunjua mwavuli, ikaendelea na kazi.

Pale kwenye mzunguko wa Chukudu tuna sanamu ya rangi ya dhahabu ya kumsifu msukuma mizigo. Ni haki yake. Napendekeza tuisimamishe ya pili kando yake: mwanamke, meza, mwavuli, simu tatu. Michango itapita kwenye simu, kwa kuwa njia nyingine haipo. Tukichanga dola elfu kumi, fundi ataondoka kwenye kabine na 9,500, kwa hiyo tuelewane mapema: mwavuli utakosa mpini.